Namna ya Kuua Timu kwa Mbuzi Mmoja

Hongera kwa kuchaguliwa mwenyekiti wa timu. Najua ulivyoipata nafasi hiyo: kikao kilinyamaza, ukakohoa, wajumbe wakadhani umejitolea. Sasa umekabidhiwa vijana ishirini wanaofika mazoezini kabla jua halijachomoza, bila kugongewa mlango. Mmoja akikosa nauli, wenzake wanamchangia. Mmoja akipigwa kiatu, wote wanamzingira mwamuzi. Jezi wanafua kwa zamu, na zamu haisahauliki.

Timu ya namna hiyo ni mtihani kwa kiongozi. Ikishinda, watu wanawasifu wachezaji. Ikifungwa, wachezaji wanafarijiana wenyewe wala hawakumbuki kukungoja wewe na hotuba yako. Unabaki kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, beji kifuani, kama mgeni wa harusi aliyekosea mtaa. Hali hii haiwezi kuachwa iendelee. Mwongozo huu utakusaidia kuivunja timu yako bila kumfukuza mtu, bila kumtukana mtu, na bila kuacha ushahidi.

Usinidai vyeti. Nilikuwa katibu wa timu ya mtaa katika mji mmoja mdogo wa pwani, na timu yetu tuliiua kwa siku nne. Silaha yetu ilikuwa mbuzi. Nitamfikia. Kwanza misingi ya kazi.

Hatua ya kwanza: ahidi kwa kipaza sauti, lipa kwa kunong'ona

Mabingwa wa fani hii ni viongozi wa soka wa Zaire wa mwaka 1974, na kila mwenyekiti mchanga anapaswa kuwasoma. Machi mwaka huo Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyeyafikia katika fainali za mwaka mmoja. Rais Mobutu akawazawadia nyumba na magari. Hapo, kwa mtazamo wa mwongozo huu, Mobutu alichemsha. Mchezaji akishapewa chake mchana kweupe anajua alichovuna, anajua na mwenzake amevuna nini, halafu anakwenda uwanjani na moyo mweupe. Moyo mweupe ni hatari.

Juni walikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2–0, na hakuna aliyewacheka. Ndipo zikafika habari kambini kwamba posho waliyoahidiwa imeyeyukia mikononi mwa waheshimiwa walioongozana na msafara. Wachezaji wakasema hawachezi. Wakabembelezwa, wakaingia. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ikawafunga 9–0.

Usiipite hesabu hiyo mbiombio. Miguu ilikuwa ile ile iliyobeba kombe miezi mitatu nyuma. Mapafu yale yale. Kocha yule yule, Blagoje Vidinić. Lilipoingia bao la tatu kocha alimtoa golikipa Kazadi akamwingiza Tubilandu, ambaye kazi yake ya kwanza ikawa kuuokota mpira wavuni. Mwamuzi naye akamtoa Ndaye Mulamba kwa kosa lililofanywa na mwenzake, yaani hata kadi nyekundu siku hiyo ilimfikia asiyestahili. Kilichobadilika kati ya Misri na Ujerumani ni bahasha.

Siku nne baadaye walikutana na Brazil. Ikatoka faulo, Wabrazili wakajipanga kupiga, Wazaire wakasimamisha ukuta. Kabla Mbrazili hajaugusa mpira, beki Mwepu Ilunga akachomoka ukutani akaubutua mbali. Dunia ilicheka kwa miaka mingi ikidhani mtu yule hajui sheria. Mwepu, mchezaji wa TP Englebert ya Lubumbashi, ndiyo Mazembe ya leo, alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri sana. Alitaka kadi nyekundu. Kwa nini aendelee kuumia uwanjani na walioila posho yake wamekaa jukwaani? Mwamuzi akampa ya njano. Hata nyekundu yake nayo hakuipata.

Hatua ya pili: ukilazimika kulipa, chelewa

Watu wengi wanadhani deni likilipwa hasira huisha. Si kweli, na hili ni faraja kubwa kwako. Mwaka 2014 wachezaji wa Cameroon waligoma kupanda ndege ya kwenda Kombe la Dunia Brazil mpaka suala la posho limalizwe. Likamalizwa, wakapanda. Katika mechi yao na Croatia walifungwa 4–0, mwenzao mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu, na mwishoni wawili wa timu hiyo hiyo wakavurugana wenyewe kwa wenyewe hadi mmoja akampiga mwenzake kichwa, mbele ya kamera za dunia nzima. Fedha ilikuwa imefika, lakini timu ilikuwa imebaki Yaoundé.

Ghana, mashindano yale yale, walitoka sare 2–2 na Ujerumani, ambayo ndiyo iliyokuja kubeba kombe. Kisha wakaanza kuuliza habari za posho. Serikali ikapakia zaidi ya dola milioni 3, taslimu, kwenye ndege kwenda Brazil, na msafara wa kuzifikisha hotelini ukaonyeshwa kwenye televisheni kama wa rais. Beki John Boye alipigwa picha akizibusu noti zake. Kesho yake walicheza na Ureno, Boye akajifunga, wakalala 2–1 na kurudi nyumbani. Sisemi noti ndizo zilizomfunga. Nasema tu kwamba sare na Ujerumani ilipatikana kabla ndege ile haijaruka.

Na kuna mtindo mmoja ambao nakusihi uuepuke kama ukoma. Mwaka 2023 Rais Samia alitangaza kuwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika atalinunua kwa shilingi milioni 5. Watu wakaliita goli la Mama. Unaweza kubishana kama ikulu iwe na kazi hiyo, na mimi ni mmoja wa wabishi, lakini angalia ubaya wake kwa watu kama sisi: bei imetajwa kabla ya mechi, na nchi nzima imesikia. Mtoto wa darasa la pili anaweza kupiga hesabu yake akiwa amekaa kwenye kochi. Mweka hazina atapumulia wapi?

Hatua ya tatu: usionekane ukitoka jasho

Nusu ya vijana wetu walikuwa wavuvi wa dagaa, na huo ulikuwa mzigo wetu mkubwa kama kamati. Mvuvi amezoea vibaya. Kwetu boti ikirudi asubuhi, dagaa wakishanadiwa, kwanza hutolewa mafuta na chakula, tajiri akachukua ya chombo, wavu na mashine, kinachobaki kinagawanywa pale pale mchangani huku kila baharia amechuchumaa anatazama. Nahodha anachukua zaidi ya baharia. Hakuna anayenung'unika. Walimwona usiku kucha amesimama, akitafuta kundi la dagaa kwa kusoma maji, na wimbi lilipokuja aliwahi kulowa yeye.

Maana yake wanaelewa kwamba mkubwa anaweza kupata kikubwa. Hata maharamia walielewa. Masharti ya merikebu ya Bartholomew Roberts, ya miaka ya 1720, yalimpa nahodha mafungu mawili ya nyara na mabaharia wa kawaida fungu moja moja, wenye kazi maalumu wakaangukia katikati. Nahodha wa wezi wa baharini, mwenye mizinga, mafungu mawili! Na yameandikwa, kila mtu ameapa. Mwenyekiti wa mtaa atakayekubali kujibana namna hiyo sijui amegombea kwa sababu gani.

Kwa hiyo wewe fanya kinyume. Usifike mazoezini. Siku ya mechi njoo dakika ya sabini, na miwani. Usimjue winga wa kulia jina. Ukifanya hivi kwa uaminifu, siku utakapochukua fungu lako watu watalipima na jasho lako, na hesabu itagoma kabisa.

Hatua ya nne ilikuwa kwa mweka hazina na hajairudisha.

Hatua ya tano: anayevuta na anayekunja sura wapate sawa

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aitwaye Maximilien Ringelmann aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alikuwa akitoa kama nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Waliokuja baadaye wakasema labda ni kwa sababu wanakanyagana, hawavuti kwa mpigo mmoja. Basi mwaka 1974, mwaka ule ule wa mabao tisa, watafiti wa Marekani wakawafunga watu vitambaa machoni, wakamweka mtu mbele ya kamba na kumwaminisha kwamba nyuma yake wenzake wanavuta. Wale wa nyuma walikuwa wanajifanya tu. Nguvu ya wa mbele ikapungua vilevile.

Yeyote aliyewahi kutazama kuvuta kamba kwenye michezo ya Mei Mosi hahitaji kitambaa cha macho kujua hili. Yuko mmoja, mara nyingi wa katikati, amekunja sura kama anajifungua, na kamba mikononi mwake imelegea kama ya kuanikia nguo.

Kwa bahati mbaya dawa ya ugonjwa huu ni rahisi: mtu akionekana anavyovuta, anavuta. Kwa hiyo usiruhusu kuonekana. Usiweke daftari la mahudhurio. Aliyekuja mazoezini siku thelathini na aliyekuja siku ya kupiga picha wapate soda moja moja. Baada ya mwezi mmoja, yule wa kwanza ataanza kumuiga wa pili, kwa sababu wa pili hawezi kumuiga wa kwanza, amelala.

Sasa mbuzi

Tulicheza fainali ya ndondo Jumapili. Zawadi ilikuwa mpira mmoja, jezi seti moja na beberu mweusi mwenye ndevu za heshima. Alifungwa kwenye mguu wa meza ya mgeni rasmi, na kabla ya mapumziko alikuwa amekwishakula orodha ya wachezaji wa akiba. Tulishinda kwa penalti. Golikipa wetu, kijana wa boti za dagaa mwenye viganja kama makasia, alidaka mbili. Watoto wakambeba golikipa, wengine wakambeba mbuzi, na kwa muda fulani haikujulikana nani kafanya nini.

Nahodha wetu wa timu akaja mezani akivuja jasho. "Mwenyekiti, shikamoo. Vijana wanasema tumchinje leo leo, hapa hapa. Kila mtu apate, hata hawa watoto waokota mpira."

Nilimtazama mwenyekiti. Hilo lilikuwa pendekezo la hatari kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika ukatibu wangu. Lakini mzee alikuwa mkongwe.

"Marahaba, mwanangu. Nyie mmechoka. Na mbuzi amechoka. Mbuzi akichinjwa amechoka, nyama inakuwa ngumu. Atalala kwa mweka hazina."

Jumatatu tulikaa kikao cha tathmini. Ajenda zilikuwa tatu, na ya tatu ilikuwa imefungwa nje kwenye mnazi ikilia. Jumanne jioni mtaa mzima ulinukia supu yenye pilipili manga na ndimu, na wachezaji wetu wawili waliopita njia ile waliniamkia kwa adabu sana. Jumatano wakaitwa kula.

Palikuwa na wali wa nazi, sina la kuusema vibaya, na sufuria ya mchuzi. Golikipa alipakuliwa kipande cha shingo na mfupa wa ugoko. Aliugeuza ule mfupa taratibu, kama anayetafuta jina la mwenyewe. Nahodha ndiye aliyesema.

"Mwenyekiti, samahani. Mapaja yako wapi?"

"Huyu mbuzi alikuwa wa mbio," mwenyekiti akajibu. "Mbuzi wa mbio hana mapaja."

Vicheko vikatoka mezani kwa viongozi, na mezani kwa viongozi tu. Nikasimama kusoma mapato na matumizi. Bado ninayo karatasi. Mapaja ya mbele: mgeni rasmi na mwenye kiwanja. Mapaja ya nyuma: kamati ya ufundi, kwa kazi maalumu iliyofanyika usiku wa kuamkia fainali na isiyohitaji maelezo. Maini: mwenyekiti, kwa ushauri wa daktari. Mbavu: gharama za tathmini. Figo moja na kipande cha utumbo: ofisi ya katibu. Ngozi: itauzwa, fedha iingie mfuko wa timu. Hapo palikuwa na kila kitu isipokuwa penalti mbili.

Naomba nikiri jambo la kihesabu. Beberu yule alitoa kilo 14 za nyama. Wachezaji ishirini, wajumbe saba: nusu kilo kwa kila mdomo, na chembe. Hakuna kijana pale aliyekuwa na njaa ya nusu kilo. Wale wa boti walikuwa wanakula samaki kila siku mpaka wanachoka. Hata tungechukua mapaja yote manne na kuyataja pale uwanjani, kwamba hili la mgeni rasmi, hili la mwenye kiwanja, nadhani wangepiga makofi. Walichotaka ni kuwepo kisu kinapopita. Ndiyo maana nakusisitizia: ugawaji ufanyike Jumanne, kwenye nyumba ya mtu, mlango umerudishwa.

Matokeo

Usitegemee ugomvi. Ukiona wanagombana nawe, wanakusubiri nje ya ofisi, wanaandika barua, ujue hujafanikiwa, bado wanaitaka timu. Kwetu hakuna aliyegombana. Alhamisi asubuhi walikuja mazoezini sita. Jumamosi tulikuwa na mechi ya kirafiki na timu ambayo tulishazoea kuifunga, nikakaa benchi kuandika kumbukumbu.

Nilichokiona sijawahi kukisoma kwenye kitabu cha ukocha. Hakuna aliyecheza vibaya. Winga alikimbia, akafika mstari wa katikati, akagundua mguu unauma kidogo. Kiungo alitoa pasi sahihi kabisa kwa mtu ambaye alikuwa pale sekunde moja nyuma. Beki wa kushoto alimfuata mshambuliaji kwa heshima, nusu hatua baada yake, kama bwana harusi anavyomfuata shangazi. Mpinzani alimwangusha kijana wetu mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na saba, teke la wazi. Yule mtoto akabaki chini akiangalia huku na huku. Hakuna aliyemkimbilia mwamuzi. Nahodha alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Tulifungwa sita. Golikipa hakuwepo, alikuwa baharini. Giza la mwezi lilikuwa limeingia na dagaa hawamngoji mtu. Mwenyekiti alifika dakika ya sabini, na miwani, akaniuliza matokeo. Nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Msimu uliofuata hatukupeleka jina la timu.

Yule golikipa sasa ni nahodha wa boti. Anachukua mafungu mawili, na mabeki wetu wote wanne wako chomboni kwake mpaka leo, mwaka wa tisa huu. Asubuhi nikienda kununua kitoweo nawakuta wamechuchumaa mchangani wanahesabiana. Ananiamkia vizuri, "Shikamoo katibu," kisha ananiuzia kwa bei ya mnada kama mtu mwingine yeyote.

Ngozi haikupata mnunuzi. Ipo hapa kibarazani kwangu, naikalia ninapoandika.